Rwenzori: Milima Sita na Maji Yanayoizunguka

Ukitaka kuielewa Rwenzori, anza na maji. Vilele vitakuja baadaye. Chukua ramani yoyote ya magharibi mwa Uganda, utafute Ziwa George. Mito ya upande wa mashariki wa milima hii, Mubuku na Nyamwamba, pamoja na Mpanga unaoteremka kutoka pande za Fort Portal, yote inaishia kwenye ziwa hilo dogo. Kutoka hapo fuata Mfereji wa Kazinga kwenda magharibi mpaka Ziwa Edward. Ncha ya kaskazini ya Ziwa Edward ndiko unakotoka mto Semliki, ambao unaingia Kongo, unaelekea kaskazini na kupita chini kabisa ya ukuta wa magharibi wa milima ile ile, hadi Ziwa Albert, na baada ya hapo ni Naili. Maana yake ni kwamba mvua iliyonyesha juu ya Kasese inaizunguka milima karibu yote na kupita miguuni mwa upande wake wa pili, ndipo ishike njia ya Misri.

Nilikuwa Moshi nilipoufuata mzunguko huo kwa kidole, na tangu siku hiyo nikawa nataka kwenda.

Kwetu mlima ni mmoja. Unauona ukiwa stendi, ukiwa sokoni, ukiwa unaanika nguo. Mtoto wa chekechea anaweza kuuchora na kila mtu akajua ni Kilimanjaro. Ndiyo maana niliporudi kutoka Uganda watu walikuwa na swali moja tu: ulifika kileleni? Nilikuwa nauliza na mimi: kilele kipi? Rwenzori haina umbo la kuchorwa. Ni fungu la milima lenye urefu wa kilomita 120 hivi na upana wa kama 65, na katikati yake kuna milima sita iliyowahi kubeba barafu, kila mmoja na vilele vyake, ikitenganishwa na mabonde yenye kuta kali. Ukiwa Kasese mjini, karibu kabisa na miguu yake, unaweza kumaliza wiki nzima unaona vilima vya kijani vikiingia kwenye mawingu na usiamini kwamba nyuma ya pazia hilo kuna mita elfu tatu na zaidi za mwamba.

Tofauti na Kilimanjaro si ya sura peke yake. Kilimanjaro, Kenya, Elgon, Meru: hizi zote ni kazi ya volkano. Rwenzori haikutoka tumboni mwa dunia ikiwa uji wa moto. Ni kipande cha mwamba wa kale sana, naisi na kwatsaiti na ndugu zao, mwamba ule ule unaokaa chini ya sehemu kubwa ya Uganda, ila hapa umenyanyuliwa juu. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka, mipasuko ilipita kila upande wa kipande hiki na kukikata karibu pande zote. Kikabaki hakina kinachokishikilia, na kwa kuwa tabaka la juu la dunia ni jepesi kuliko lile la chini yake, kikapanda, kama mtumbwi unavyoinuka ukipakuliwa mzigo. Kwa hesabu za wanajiolojia, sehemu kubwa ya kupanda huko ni ya miaka milioni chache iliyopita, yaani jana tu kwa kalenda yao. Ndiyo sababu maajabu haya yamekaa ndani ya bonde lenyewe, mahali ambapo mtu angetegemea ardhi izame.

Na kazi hiyo haijaisha. Matetemeko ya 1966 na 1994 yaliyoharibu nyumba nyingi katika eneo la Toro yalitokana na mipasuko hiyo hiyo. Kule Sempaya, upande wa Bundibugyo, maji yanatoka ardhini yakichemka kiasi cha kuivisha yai, na wageni huenda na mayai yao. Ufa mkuu uko upande wa magharibi. Kwa hiyo mlima umeinama: mashariki unateremka kwa mabonde marefu ya kutembeleka, magharibi unaanguka kwa haraka hadi uwanda wa Semliki ulio chini ya mita elfu moja. Kutoka uwanda huo wenye joto mpaka Margherita, mita 5,109, ni umbali mdogo wa kushangaza ukiupima kwenye ramani.

Haya, hiyo sita. Stanley ndio mkubwa na ndio wenye Margherita, kilele cha tatu kwa urefu Afrika, na pembeni yake Alexandra wenye mita 5,091. Mpaka wa Uganda na Kongo unapita juu yake. Kaskazini mashariki mwa Stanley, ng'ambo ya bonde la Bujuku, uko Speke, mita 4,890. Mashariki, ukitazamana na Stanley uso kwa uso, uko Baker, mita 4,843. Kaskazini zaidi wako Emin na Gessi, wamekaa sambamba na bonde jembamba katikati yao, na watalii wengi hawafiki huko. Kusini kabisa ni Luigi di Savoia, mfupi kuliko wote, mita 4,627.

Angalia majina hayo. Sita kwa sita ni ya wageni. Yaliwekwa kwa sehemu kubwa na safari ya mwanamfalme wa Kiitaliano, Luigi Amedeo wa Savoia, mtemi wa Abruzzi, aliyekuja mwaka 1906 na wapagazi wengi, waongozaji wa milima kutoka Courmayeur katika Alpi, na mpiga picha Vittorio Sella. Tarehe 18 Juni walisimama kwenye Margherita, na katika wiki chache walipanda vilele vikuu vya milima yote sita, wakapima na kuchora. Kazi yao ya ramani siwezi kuibeza hata kidogo. Picha za Sella mpaka leo ndizo kipimo cha kujua barafu ilifika wapi. Ila Speke, mpelelezi Mwingereza, hakuwahi kuikaribia milima hii. Baker, mpelelezi mwenzake, huenda aliiona kwa mbali tu kutoka Ziwa Albert, mwaka 1864. Margherita alikuwa malkia wa Italia na Alexandra malkia wa Uingereza. Mabonde ndiyo yaliyobaki na majina ya wenyewe: Bujuku, Mubuku, Nyamugasani, Kitandara. Mimi naona hilo linasema kitu kuhusu nani alikuwa anatumia nini. Wakonzo, wenyeji wa milima hii, walikuwa wanaishi na mabonde. Vilele walimwachia Kitasamba, mungu wao anayekaa kwenye theluji, na hawakuwa na haja ya kumpandia kichwani.

Kuna mkono wa Waswahili katika habari hii, na huwa hautajwi. Katika karne ya 2 Ptolemaio wa Aleksandria aliandika kwamba Naili hutoka kwenye maziwa yanayonyweshwa na theluji ya Milima ya Mwezi. Habari hizo zilimfikia kupitia kwa mfanyabiashara mmoja, Diogenes, anayesemekana kuingia bara akitokea Rhapta, bandari ya pwani yetu ambayo mahali pake halisi bado panabishaniwa. Watu wengi leo wanaamini milima hiyo ni Rwenzori. Sisi wa Moshi tuna hoja zetu, lakini kwa leo nanyamaza.

Halafu kuna mwaka 1888. Mpelelezi Henry Stanley, yule mwenye jina la mlima, alikuwa amepita karibu na Ziwa George miaka 12 kabla, akapiga kambi huko, na theluji hakuiona, mawingu tu. Safari hii alikuja kwa upande wa Kongo kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Misri aliyekwama kusini mwa Sudan, akiwa na wapagazi mamia aliowaandika Unguja mwaka 1887, wakapelekwa kwa meli kuzunguka ncha ya kusini ya Afrika mpaka mdomo wa mto Kongo, kisha kwa miguu kuupita msitu wa Ituri ulioua wengi wao. Tarehe 24 Mei 1888, kwa maelezo yake mwenyewe, kijana mmoja alimwonyesha mlima akisema umefunikwa na chumvi. Watu hucheka wakisikia hivyo. Mimi sicheki. Kusini mwa milima hii kuna Katwe, ziwa la kreta ambalo chumvi yake ilitafutwa na kugombewa na falme za eneo zima tangu zamani. Mtu wa sehemu ile akiona kitu cheupe kinachong'aa kimelala juu ya ardhi, chumvi ndilo jibu la busara kuliko yote. Mwaka uliofuata, Juni 1889, ofisa wa msafara huo aitwaye Stairs alijaribu kupanda akiwa na kundi la Wazanzibari, akafika zaidi ya mita 3,200 kabla ya kugeuka. Hebu wafikirie hao: watu wa Unguja, miguu mitupu, kwenye baridi ile. Kwenye vitabu vingi jina la Stairs lipo, la kwao halipo hata moja.

Sasa tope.

Nilipita njia ya kati, inayoanzia Nyakalengija. Mwongozaji wangu alikuwa Mkonzo mtu mzima kidogo, Kiswahili chake cha Kasese, mji uliojaa watu wa mgodini, wanajeshi na wafanyabiashara wa mpakani, kwa hiyo tulielewana bila shida isipokuwa pale mimi nilipoanza kuongea haraka. Kabla ya kuondoka alikagua mabegi, akayasukuma kando mabuti yangu ya ngozi niliyokuwa nayaonea fahari, akanipa gambuti. Nikamwambia, kaka, nimepanda Kilimanjaro mpaka Kibo na haya. Akasema, "Dada, kule mnatembea juu ya mlima. Hapa tunatembea ndani yake."

Msitu wa chini una miti mikubwa na kelele za nyani na ndege. Mianzi inafuata kuanzia kama mita 2,500, na mianzi ni mianzi, inateleza. Ni ukivuka mita 3,000 ndipo mambo yanapogeuka. Unaingia kwenye erika. Kilimanjaro erika tunaijua, vichaka vya kiunoni na miti michache. Huku ni miti kweli, mirefu, na kila tawi limevaa kuvumwani nene ya rangi ya dhahabu, kijani na kahawia nyekundu, na ndevu za kijivu zinaning'inia kutoka juu. Chini hakuna ardhi. Kuna mizizi, kuna magogo yaliyooza, na juu yake godoro la kuvumwani ambalo ukilikanyaga unasikia maji yakihama chini ya mguu. Nilichukua konzi moja ya kuvumwani nikaikamua. Maji yaliyotoka yalijaza kikombe cha plastiki cha chai karibu nusu, safi kabisa, ya rangi ya chai nyepesi. Nikairudisha pale nilipoitoa, na mwongozaji akanitazama kama mtu anayemwangalia mtoto anayecheza na chakula.

Baada ya kibanda cha John Matte unakuja uwanda wa Bigo. Hapa bonde lote ni kinamasi, na kinamasi hicho kimeota vichuguu vya majani ya karekisi, aina ya nyasi za majimaji, kila kimoja kikiwa na urefu wa goti mpaka nyonga, kimesimama peke yake kwenye tope jeusi. Siku hizi kuna njia ya mbao kwenye sehemu kubwa, lakini mbao nazo huoza, na mahali zilipooza inabidi urudi kwenye mtindo wa zamani: unaruka kutoka kichuguu hadi kichuguu. Kichuguu kinayumba. Unatakiwa ukanyage katikati pake, uhamishe uzito, uondoke kabla hakijaamua kuinama. Wapagazi, wagumu kama tunavyowaita kwetu, walipita pale na mizigo mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, na mikono mifukoni. Mimi nilizama mpaka juu ya gambuti. Tope lile lina baridi ya ajabu na linavuta. Kuutoa mguu ni kazi ya watu wawili, kuitoa gambuti ni kazi ya mtu wa tatu.

Pale Bigo ndipo nilipoziona lobelia vizuri. Kuna aina inayopenda kinamasi, majani yake yamepangika kwa duara kama bakuli na ndani ya bakuli kuna maji. Usiku hewa inashuka chini ya sifuri, maji ya juu yanaganda kidogo, na ile ngozi ya barafu inakuwa blanketi linalozuia baridi isiufikie moyo wa mmea. Tulipita asubuhi mapema nikabonyeza moja kwa ncha ya kidole. Barafu nyembamba kuliko kioo cha saa, ikapasuka, na maji ya chini yake hayakuwa ya kuganda. Miti ya senesio iliyo karibu ina mbinu nyingine: majani yanayokufa hayadondoki, yanabaki yameuzunguka shina, mti unavaa nguo zake za zamani. Mahali ambapo kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe, kilomita kama 40 tu kutoka Ikweta, mimea imelazimika kuwa na akili.

Juu ya Bigo liko Ziwa Bujuku, limebanwa kati ya Stanley, Speke na Baker. Hapo ndipo nilipoelewa kwa macho kwa nini hii si milima ya kutazamwa kwa mbali. Kuta tatu, kila moja ya mlima wake, zimesimama juu ya maji meusi, na hakuna sehemu unayoweza kusimama ukaiona yote mitatu kwa pamoja hadi juu. Lazima ugeuke, na ukigeuka wingu limeshahama. Kutoka hapo kwenda kusini unavuka kipito cha Scott Elliot, mita 4,372, kati ya Stanley na Baker, unashuka Kitandara kwenye maziwa mawili mazuri kuliko yote niliyowahi kulala kando yake, kisha kipito cha Freshfield kati ya Baker na Luigi di Savoia, halafu unarudi chini. Njia inauzunguka mlima Baker wote. Kwa hiyo hata miguu inafanya duara.

Sikwenda Margherita. Sikuwa nimepanga kwenda. Wenye kwenda huachana na njia karibu na Scott Elliot, wanalala kibanda cha Elena kwenye mwamba mtupu, na kuondoka usiku wa manane na kamba na meno ya chuma chini ya viatu. Nilikutana nao wakiteremka, vijana wawili wa kutoka Ulaya, na habari yao kubwa haikuwa kilele. Ilikuwa nyufa na ngazi: kwamba barafu imeshuka na kupasuka kiasi kwamba mahali palipokuwa pa kutembea sasa panapandwa kwa ngazi ya chuma.

Tuzungumze basi kuhusu barafu. Mwaka 1906 kulikuwa na barafuto (mito ya barafu) 43 zilizopewa majina, kwenye milima yote sita, kama kilomita za mraba 7.5 kwa jumla. Mwanzoni mwa karne hii ilibaki kati ya kilomita moja na moja na nusu za mraba, na kwenye milima mitatu tu: Stanley, Speke na Baker. Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilikuwa imeshakauka. Tangu hapo imeendelea kupungua, na UNESCO imeonya kwamba barafuto zilizobaki katika maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, Kilimanjaro na Kenya zikiwemo, huenda zikatoweka ifikapo 2050. Kwa Wakonzo hiki si kipimo cha hali ya hewa tu. Barafu ni makazi ya Kitasamba. Mwongozaji wangu ni Mkristo mzuri wa kanisa la kila Jumapili, lakini nilipomuuliza, alikaa kimya kidogo kisha akasema wazee wao wanaliongelea jambo hilo kwa namna wanavyoongelea msiba.

Ila kuna hitimisho moja ambalo watu hulirukia, na mimi silikubali: barafu ikiisha, mito itakauka. Nimelisikia likisemwa kwenye mikutano, likiandikwa kwenye mabango ya miradi, na kwetu Kilimanjaro linasemwa kila mwaka. Utafiti uliofanywa kwenye mto Mubuku uligundua kuwa maji yatokanayo na kuyeyuka kwa barafu ni chini ya asilimia 2 ya maji ya mto huo unapofika chini ya milima. Asilimia mbili! Yaliyobaki ni mvua, milimita 2,000 mpaka 3,000 kwa mwaka katika sehemu zake za mvua nyingi, iliyonaswa na msitu, mianzi, erika na vile vinamasi vilivyonimeza. Konzi ya kuvumwani niliyoikamua ndiyo Mubuku. Barafu ni taji. Tanki liko katikati ya mlima, kwenye ule ukanda ambao wapandaji huupita wakilalamika.

Nasema hivyo si kwa kudharau barafu. Nasema kwa sababu ukiangalia mahali pasipo penyewe, hutaona panapoharibika. Ukanda wa erika ukikauka kwa wiki kadhaa huwaka moto, na mwaka 2012 sehemu kubwa ya bonde la juu la Nyamwamba iliungua. Mei 2013 Nyamwamba ulifurika, ukashuka na mawe makubwa kama magari, ukabeba nyumba na madaraja na kuharibu hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukarudia. Mvua zilikuwa kubwa, hilo halina ubishi, na mabonde haya yameteremka kwa ukali tangu zamani. Lakini mlima wenye sifongo na mlima ulioungua haupokei mvua kwa namna moja.

Kilembe penyewe panastahili makala yake. Ni bonde la shaba. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 1956, na mwaka huo huo reli ya Uganda ikafika Kasese, maalumu kwa mzigo huo: shaba ikienda Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa Owen Falls, kisha Mombasa, kisha nje. Kwa miaka ile, tumbo la Rwenzori lilikuwa limeunganishwa moja kwa moja na Bahari ya Hindi. Uchimbaji ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, treni nazo zikaacha kuja. Nyumba za wafanyakazi bado zimejipanga kwenye miteremko kwa safu zile zile za kampuni, na mabaki ya mgodi yamelundikwa kando ya mto. Kila mafuriko yanamega kipande cha malundo hayo na kukisukuma kuelekea uwandani, kwenye mashamba na Ziwa George. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza ndizi mbivu pale barabarani alinionyesha kwa fimbo mahali mto ulipokuwa ukipita zamani. Palikuwa na mita nyingi tu kutoka unapopita sasa, na katikati ni mawe matupu.

Upande wa Kongo nimeuona kwa mbali tu, kutoka juu. Ni sehemu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, na njia yake inaanzia Mutwanga na kupita vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo, kisha unaanza kukutana na maziwa ambayo Wabelgiji waliyapa majina ya rangi: Jeusi, Kijani, Kijivu. Walioupanda husema ni mkali zaidi na wa ajabu zaidi, na kwa jinsi mwamba ulivyoinama naamini. Vita ndivyo vilivyoufunga kwa vipindi virefu. Hata upande wa Uganda hifadhi ilifungwa kuanzia 1997 hadi 2001 wakati waasi wa ADF, kundi la wapiganaji lililoipinga serikali ya Uganda, walipojificha msituni, na ikawekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini kuanzia 1999 mpaka 2004. Waasi hao hao leo wanawatesa watu wa Beni, ng'ambo ya pili. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni watu wamoja kwa lugha na ukoo, mpaka uliwakuta pale pale walipokuwa.

Kwa anayetaka kwenda: afadhali Januari na Februari, au Juni hadi Agosti, ingawa kavu ya Rwenzori bado ni mvua ya mahali pengine. Wapagazi wa Nyakalengija na wa Kilembe wote wanajua kazi; uliza wanalipwaje kabla hujalipa wewe. Nunua gambuti mjini Kasese, ni bei nafuu na zinaingia na soksi mbili. Kila kitu kikavu kiweke ndani ya mfuko wa nailoni, kisha mfuko mwingine. Na kama pesa inatosha kwa jambo moja tu, kati ya kukodi meno ya chuma ya kwenda Margherita na kulala siku ya pili Kitandara, chukua Kitandara.